Uzamili wa Michezo ya Kiwango cha Juu: Pa Kuanzia Ukiwa Mwanza

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alimaliza marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros naye aliandikiwa 2:09:48. Ilibidi picha ya mstarini iangaliwe ndipo tofauti ijulikane: sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo, na mimi nikapata jumbe za simu zisizoisha. Vijana niliowahi kuwafundisha, na wengine nisiowajua kabisa, wote na swali moja: "Kaka, hiyo masters ya michezo inasomwa wapi, na ni shilingi ngapi?"

Swali zuri, ila limeanzia mwisho. Katika mwongozo huu chuo kinakuja hatua ya tano, na nimekiweka huko kwa makusudi. Karibu wote niliowaona wakikwama walianza kwa kutafuta chuo. Waliofika walianza kwa kutafuta timu, hata kama ni timu ya mtaani Igoma isiyo na jezi za kufanana.

Hatua ya 1: Chagua kiti chako kwenye benchi

Ukienda uwanja wa CCM Kirumba siku ya mechi, jinyime mpira kwa dakika kumi uangalie benchi. Utamwona kocha mkuu na wasaidizi wake, kocha wa makipa, kocha wa viungo, daktari wa timu, mtaalamu wa fiziotherapia na mchua misuli. Juu jukwaani kuna kijana ameinamia kompyuta, ndiye mchambuzi wa video. Ukisema tu "nataka kufanya kazi kwenye michezo" hujasema kitu, maana kila kiti hapo kina masomo yake.

Kocha wa viungo anasoma uzamili wa nguvu na utimamu wa mwili. Kazi yake ni kupanga mazoezi yamfikishe mchezaji siku ya mechi akiwa na nguvu bila kuumia. Mwanafiziolojia anakaa zaidi maabara: anapima oksijeni inayotumika, laktati kwenye damu (kemikali inayopanda mwili ukifanya kazi ngumu), jasho linalopotea. Hicho ni kiti cha riadha, baiskeli na kuogelea kuliko mpira. Mtaalamu wa lishe anajulikana kwa jina lake. Mchambuzi anahitaji jicho la mpira na mkono wa takwimu, na kwa maoni yangu ndicho kiti kinachofunguka haraka kuliko vyote hapa nchini, kwa sababu hakihitaji maabara. Saikolojia ya michezo ni fani nzito na ninaiheshimu, lakini ukiichagua ujue kwamba klabu zetu nyingi bado zinaamini kazi hiyo ni ya mchungaji, shehe au mganga.

Hapa kuna kosa linalowagharimu watu. Uzamili wa sayansi ya michezo haukufanyi tabibu. Kama unataka kumtibu mchezaji goti, lazima shahada yako ya kwanza iwe ya fiziotherapia au udaktari, ndipo uzamili ukuongezee michezo juu yake. Nimemwona mtu amerudi na shahada nzuri ya ng'ambo, akadhani ataajiriwa kama mtaalamu wa fiziotherapia, akaulizwa leseni. Hakuwa nayo, na asingeweza kuipata bila kurudi shule miaka minne.

Menejimenti na sheria za michezo ni barabara nyingine kabisa, siigusi hapa.

Hatua ya 2: Iangalie shahada uliyonayo bila kujidanganya

Kwa vyuo vyetu vinavyohesabu GPA ya 5, daraja la pili la chini linaanzia 2.7 na la juu 3.5. Kwa 2.7 mlango wa uzamili wa ndani haujafungwa. Kwa ng'ambo, hasa Uingereza, mara nyingi wanataka daraja la pili la juu, na ufadhili unataka zaidi ya hapo. Kama bado uko mwaka wa pili pale Malimbe (SAUT) au Bugando (CUHAS), unayo nafasi ya kupandisha. Itumie sasa, maana hakuna insha ya maombi itakayoficha 2.9.

Wa kwanza kufaa ni aliyesoma elimu ya viungo na sayansi ya michezo, kama inavyofundishwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini si yeye peke yake. Aliyesoma lishe ya binadamu SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) anaingia lishe ya michezo. Mtu wa takwimu au kompyuta anaingia uchambuzi. Daktari wa CUHAS anaingia tiba ya michezo. Mwalimu wa biolojia naye anaweza, ila ataulizwa fiziolojia ya mazoezi aliisoma wapi, na jibu inabidi alitafute mapema.

Kwa waliopitia Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba: stashahada yenu ina thamani kubwa uwanjani, na nimejifunza kupanga mazoezi ya watoto kutoka kwa mhitimu wa Malya kuliko kwa profesa yeyote. Lakini haiwarushi moja kwa moja hadi uzamili. Shahada ya kwanza iko katikati, na ni lazima.

Ukilenga Afrika Kusini kuna ngazi nyingine inayowashtua Watanzania. Kule, baada ya shahada ya miaka mitatu, mtu husoma mwaka mmoja wa onasi (honours) kabla ya uzamili. Ukiomba uzamili moja kwa moja unaweza kurudishwa kwenye onasi. Weka mwaka huo kwenye hesabu yako ya pesa tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Kaa na timu mwaka mzima, ukiwa na daftari

Nitakaa sana kwenye hatua hii. Mtu akiniambia hana muda wa kusoma mwongozo wote, namwambia asome hapa tu.

Nenda uwanja wa Nyamagana saa 10 jioni, tafuta timu ya daraja la kwanza, la pili, ya wanawake au ya vijana, salimia mwalimu kwa heshima, mwambie: "Mwalimu, naomba niwe nakusaidia kuandika mahudhurio na kupima wachezaji. Sitaki pesa." Atakutazama. Atadhani umetumwa na timu pinzani, au unataka nafasi yake. Beba koni, beba maji, fika kabla ya wachezaji. Baada ya wiki mbili utakuwa mtu wa nyumbani.

Kitu cha kwanza cha kupima hakihitaji zaidi ya kalamu. Takriban nusu saa baada ya mazoezi, muulize kila mchezaji: "Leo mazoezi yalikuwa magumu kiasi gani, 0 hadi 10?" Namba anayokupa izidishe kwa dakika za mazoezi. Dakika 90 kwa ugumu wa 6 ni 540. Huo ndio mzigo wake wa siku. Jumlisha wiki, linganisha na wiki iliyopita, tazama nani amepanda ghafla. Njia hii ilienezwa na Mmarekani Carl Foster, na klabu zenye vesti za GPS (zinazopima mbio za mchezaji) za mamilioni bado zinaitumia sambamba na vesti hizo.

Ugumu wake uko kwenye kuuliza. Mimi siku ya kwanza niliwauliza wakiwa wamekaa duara. Nahodha akasema "tatu". Wachezaji 21 waliofuata wote wakasema tatu, na mmoja alikuwa ametoka kutapika nyuma ya goli. Tangu siku hiyo nilimfuata mmoja mmoja, akivua viatu au akinywa maji, namuuliza kwa sauti ya chini. Hapo ndipo daftari lilianza kusema ukweli. Winga wetu mmoja alikuwa akitoa 8 na 9 siku ambazo wenzake walitoa 4. Kocha alisema ni mvivu. Nilipokaa naye nikagundua anaendesha bodaboda Buzuruga mpaka saa 7 usiku, kisha saa 12 asubuhi yuko uwanjani. Miguu haikuwa na tatizo, tatizo lilikuwa usingizi. Ugunduzi ule wa daftari la shilingi elfu mbili ndio ulioniingiza chuoni miaka miwili baadaye, kwa sababu niliuandika kwenye ombi langu kama ulivyo.

Kipimo cha pili kinahitaji simu yenye uwezo wa kurekodi picha za taratibu, 240 kwa sekunde. Mchezaji anasimama, mikono kiunoni, anachuchumaa kidogo na kuruka juu kadiri anavyoweza. Weka simu chini, usawa wa viatu vyake. Kisha sogeza video picha kwa picha: hesabu kuanzia picha ambayo viatu vimeachia ardhi mpaka picha ambayo vimegusa tena. Picha 120 ni nusu sekunde hewani. Chukua muda huo, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa 9.81, gawa kwa 8. Nusu sekunde inakupa mita 0.31, yaani sentimita 31. Chunga wajanja: anayekunja magoti kabla ya kutua anajiongezea muda wa hewani na kukudanganya. Atue miguu ikiwa imenyooka. Rudia kila Jumatatu, kwenye uso uleule. Mimi nilipimia kwenye zile nyasi bandia za Nyamagana, wiki moja nikahamia sakafu ya saruji, namba zikaruka kiajabu, na wiki nzima ikawa ya kutupwa.

Cha tatu ni mizani ya bafuni. Pima kabla na baada ya mazoezi, mchezaji akiwa amejifuta jasho, ukijumlisha na maji aliyokunywa. Kilo moja iliyopotea ni karibu lita moja ya jasho. Mtu wa kilo 65 akipoteza kilo 1.3 amefika asilimia 2, na hapo uwezo wake wa kukimbia kwa muda mrefu huanza kushuka. Ziwa liko mita mia chache kutoka uwanjani na bado wachezaji wanamaliza mazoezi midomo imekauka.

Hifadhi nakala. Nilikuwa na miezi mitano ya namba kwenye simu moja tu, na siku natoka Sengerema nikaegemea ukingo wa kivuko kupiga picha machweo. Simu ikaenda zake kwa sato. Kilichosalia ni kile nilichokuwa nimeandika kwenye daftari kwa mkono.

Na omba barua. Kila miezi sita, katibu wa timu akuandikie kwa muhuri ulifanya nini na kwa saa ngapi. Sababu utaiona kwenye hatua ya pesa.

Hatua ya 4: Toka na swali la ziwani

Chuo kizuri kinachukua watu wenye swali. Ombi lisemalo "nataka kujifunza sayansi ya michezo" linafanana na mengine mia tatu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna maswali ambayo mtu wa Köln au Cape Town hawezi kuyapata kwake hata akiyatafuta, na hatuyatumii.

Chukua selimundu (sickle cell). Kanda hii ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi nchini, maana yake wenye vinasaba vya kurithi upande mmoja tu, wasioumwa, ni wengi zaidi na wamo kwenye timu zetu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuishi maisha yake yote vizuri, lakini mazoezi makali mno kwenye joto na ukosefu wa maji yanaweza kumwangusha. Marekani, chama cha michezo ya vyuo NCAA kimeagiza tangu 2010 kwamba hali hiyo ijulikane kwa kila mwanamichezo wa daraja la juu la vyuo. Hapa kwetu ni timu ngapi zinajua wachezaji wao wangapi wanayo? Hilo ni swali la uzamili, na hospitali ya Bugando iko mlimani pale inatuangalia.

Chukua kichocho. Mtoto aliyekulia Ukerewe au Kome ameoga ziwani tangu akiwa mdogo, na kichocho humletea upungufu wa damu. Huyo ukimpima uwezo wa kukimbia ukasema hana kipaji, umepima minyoo. Au chukua dagaa: wakikaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mchezaji wa kilo 65 anayelenga gramu 1.6 kwa kila kilo anahitaji gramu 104 kwa siku, na soko la Mwaloni lina jibu la bei rahisi kuliko kopo lolote la unga kutoka Ulaya. Kwa nini hakuna aliyepanga mlo wa timu juu ya dagaa na kupima matokeo?

Swali moja ningekushauri uliache ni la mwinuko. Watu husema "Mwanza ni juu, kama Kenya". Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, uko karibu 2,400. Faida ya hewa nyepesi wanayoifuata wakimbiaji huanza kuonekana vizuri kuanzia mita 2,000 hivi. Mwombaji akimwandikia mwanafiziolojia kwamba Mwanza ni juu kama Kenya, amejimaliza mwenyewe.

Kipimo chochote cha damu, au cha mtoto chini ya miaka 18, kinahitaji kibali cha maadili ya utafiti na ridhaa ya mzazi iliyoandikwa. Daftari lako la mazoezi ni kazi ya timu. Likigeuka utafiti, nenda kwanza kwenye kamati ya maadili, na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wana kituo hapahapa Mwanza.

Hatua ya 5: Sasa chuo

Kwanza jua kuna uzamili wa namna mbili: wa madarasa na tasnifu fupi mwishoni, na wa utafiti mtupu. Kama unataka benchi, chukua wa madarasa wenye mafunzo kazini. Kama unataka kufundisha chuo au kuendelea hadi uzamivu, wa utafiti unakufaa zaidi.

Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, kina idara ya sayansi ya mazoezi na michezo inayofundisha mpaka ngazi za juu. Basi la usiku kupitia Musoma na Sirari linakufikisha. Afrika Kusini ndiko Afrika imejikita zaidi kwenye fani hii: Cape Town, Stellenbosch na Pretoria. Pretoria ina kituo cha michezo ya kiwango cha juu ndani ya eneo la chuo, kwa hiyo mwanafunzi anawaona wanamichezo wa kimataifa wakifanya mazoezi kila siku.

Uingereza uzamili huchukua mwaka mmoja, kwa kawaida kuanzia Septemba. Loughborough ndilo jina kubwa, Bath halipo nyuma sana kwa sifa, na St Mary's kule Twickenham wana sifa kwa nguvu na utimamu. Mwaka mmoja ni neema kwa mwenye familia, lakini unapita kama upepo wa kaskazi: ukifika ukiwa bado unajifunza takwimu, Krismasi imefika hujaelewa. Ujerumani kuna chuo kikuu kizima cha michezo, Köln, chuo cha umma kisichotoza ada ya masomo, ni mchango wa muhula tu. Baadhi ya kozi ni za Kiingereza na nyingine za Kijerumani, soma lugha ya kozi kabla hujafurahi. Usiichanganye Köln na Leipzig, ambako kuna kozi ya kimataifa ya makocha inayofadhiliwa na wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani. Ni kozi nzuri sana ya miezi kadhaa, lakini si uzamili.

Ukishapata vyuo vinne au vitano, fungua ukurasa wa walimu na uache ule wa picha za majengo. Tafuta mwalimu mmoja ambaye utafiti wake unagusa swali lako, soma kazi yake moja, mwandikie aya mbili. Nilipoandika kuhusu winga wa bodaboda kwa watu watano, watatu hawakujibu, mmoja alinitakia heri, na wa tano akaniuliza maswali kumi na moja kuhusu usingizi wa winga huyo. Nikaenda kwa yule wa tano.

Hatua ya 6: Pesa

Ada ya uzamili wa michezo Uingereza kwa mgeni aghalabu huvuka pauni 20,000, kabla hujala wala kulala. Kwa hiyo kwa wengi wetu ni ufadhili au hakuna safari.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ndio unaowafaa watu wa benchi. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba, unachagua kozi tatu, na unaahidi kurudi nyumbani baada ya masomo na kukaa angalau miaka miwili. Wanataka saa 2,800 za kazi baada ya kuhitimu shahada. Hiyo ni wiki 70 za saa 40. Sasa kumbuka zile barua zenye muhuri: kazi ya kujitolea nayo huhesabiwa. Kijana aliyekaa Nyamagana bila mshahara miaka miwili na kushinda shule akifundisha asubuhi anaweza kuwa na saa nyingi kuliko karani wa benki. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao uko wazi kwa Watanzania, ila unaangalia maendeleo. Ukiomba huko, swali la selimundu au lishe litasikika kuliko la kuifungia timu magoli.

China hutoa ufadhili wa serikali yake, na Chuo Kikuu cha Michezo cha Beijing hupokea wageni. Kama kozi ni ya Kichina, hesabu na mwaka wa kujifunza lugha. Ujerumani, hata bila ada, ubalozi unataka uonyeshe akaunti iliyofungiwa pesa za kuishi mwaka mzima. Mwaka 2025 zilikuwa euro 11,904. Wengi huja kuligundua hilo barua ya chuo ikiwa tayari mkononi.

Kwa makocha na wanamichezo kuna dirisha lingine: Mshikamano wa Olimpiki, unaopitia Kamati ya Olimpiki Tanzania. Huwezi kuomba peke yako kutoka chumbani Nyegezi. Inabidi chama cha mchezo wako kikupendekeze. Kwa hiyo hudhuria mikutano ya chama cha mkoa hata ile ya kuchosha, wajue jina lako.

Hatua ya 7: Karatasi

Majina. Cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, cha kuzaliwa kina matatu, na moja limeandikwa kwa "r" badala ya "l", kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Mwaka wa kwanza wa kuomba nilikosa dirisha kwa ajili ya herufi hiyo. Hakikisha cheti cha kuzaliwa, NIDA, vyeti vya NECTA na pasipoti vinasema mtu mmoja. Kama havisemi, nenda kwa wakili ukaape kiapo mapema, kabla hujaomba pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000 na hutaki kuilipia mara mbili.

Kiingereza: vyuo vingi hutaka alama 6.5 hivi kwenye mtihani wa IELTS, na matokeo yake hudumu miaka miwili tu. Usiifanye mapema mno.

Barua za mapendekezo ziwe mbili: mwalimu wako wa chuo na mtu wa timu. Usimwambie tu "niandikie". Mpe ukurasa mmoja wa mambo uliyofanya, na namba. Mwalimu mwenye wanafunzi mia nne hakumbuki ulikaa safu gani.

Na insha. Ile yangu ya kwanza ilianza "Tangu nikiwa mtoto nimeupenda mpira wa miguu". Chuo kimoja kilinijibu ndani ya siku nne, kwa heshima, hapana. Ya pili ilianza na winga, saa 7 usiku, Buzuruga. Anza na ulichokiona, sema ulikipima vipi, sema ulikwama wapi, ndipo useme kozi yao itakukwamua vipi. Watu wawili waisome kabla hujatuma, mmoja awe hajui michezo kabisa.

Unaposubiri majibu, kusanya vyeti vidogo. Stashahada ya FIFA ya tiba ya mpira husomwa bure mtandaoni. Mafunzo ya WADA (shirika la dunia la kupinga dawa haramu michezoni) nayo ni bure. Leseni za CAF za ukocha hupitia TFF. Mtu wa vipimo vya mwili atafute ngazi ya kwanza ya ISAK (chama cha kimataifa cha vipimo hivyo), ajifunze kushika kalipa ya mafuta ya ngozi vizuri, maana kukosea mahali pa kushika kwa sentimita moja kunabadili namba yote. Mwenye shahada anayelenga utimamu aangalie CSCS, mtihani wa Wamarekani wa makocha wa nguvu na utimamu. Na asiyeweza kuondoka nyumbani kabisa kuna stashahada ya lishe ya michezo ya IOC (Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki), miaka miwili, kwa mtandao.

Hatua ya 8: Ukiwa huko

Wiki ya kwanza omba nafasi kwenye timu ya chuo, yoyote, hata ya mchezo usioujua. Mimi nilipewa wapiga makasia. Nilikulia ziwani nikiwa sijawahi kuona mtumbwi umetundikwa ukutani ndani ya jengo na mtu analipwa kuufuta. Lakini wale wapiga makasia ndio walionifundisha kupima laktati, tone la damu la sikioni kila baada ya dakika nne, saa 12 asubuhi kwenye baridi, mikono inatetemeka. Kwenye mpira nisingepata nafasi, foleni ilikuwa ndefu.

Jifunze takwimu kuliko unavyodhani unahitaji. Na tasnifu yako, kadiri chuo kitakavyoruhusu, iwe na data ya kwenu.

Hatua ya 9: Kurudi

Peleka shahada yako TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itambuliwe, hata kama hakuna aliyekuuliza. Siku atakapouliza mwajiri wa serikali au chuo, utakuwa tayari.

Kazi zipo, na maandalizi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuliandaa kwa pamoja, yamefanya klabu zianze kuzungumza habari za vipimo. Lakini ujue desturi ya Ligi Kuu: kocha mkuu akifukuzwa, mara nyingi benchi lake linaondoka naye. Kwa hiyo usiwe na mguu mmoja tu. Fundisha chuo nusu wiki, au fanya kliniki ya wakimbiaji wa Jumapili wanaopanda Capri Point, wanalipa na wanakuja wenyewe.

Kwenye mkataba wa klabu soma kipengele kimoja ambacho wengi hukiruka, au ukiandikishe kama hakipo: vipimo vya wachezaji ni vya nani. Mimi nilifika klabu fulani, nikapima kikosi miezi minane, kocha akaondoka na kompyuta yenye kila kitu. Msimu uliofuata tulianza upya, picha ya kwanza, sentimita ya kwanza, na winga hakukumbuka mwaka jana aliruka ngapi. Siku hizi naandika mstari mmoja: nakala ya klabu, nakala ya mchezaji mwenyewe, na yangu isiyo na majina.